Umeanza kuvutiwa na Ubuddha? Soma hii kabla hujanunua sanamu

Sanamu, shanga, kunyoa kipara, hivyo vyote viache kwanza. Vijana wengi wanaingia huku wakiwa na maswali mazito, mbona watu wema wanateseka, nikifa ndo imeisha, halafu wanakutana na maneno matamu yaliyobandikwa kwenye picha ya Buddha mtandaoni wanadhani wamefika, na mengi ya hayo maneno wala hakuyasema.

Anza na stori yake. Siddhartha Gautama, ndiye huyo Buddha, alizaliwa Lumbini, leo iko Nepal, akalelewa kwa raha, na masimulizi yanasema alipomwona mzee, mgonjwa na maiti amani ikamtoka, akiwa na miaka 29 akaacha nyumba, mke na mtoto, akajitesa kwa njaa mpaka akabaki mifupa, akaona nayo haisaidii. Mwanga, yaani kuuelewa ukweli wa mateso na jinsi yanavyoisha, akaja kuupata Bodh Gaya, India, chini ya mti. Yaani naye alikuwa kijana anatafuta, na vitu vilimgomea.

Pale Sarnath, hukohuko India, akafundisha kweli nne: maisha yana dukkha, mateso na ile hali ya kutotosheka, chanzo ni kiu ya kutakataka, kiu hiyo inaweza kuisha, na njia ya kuimaliza ina vipengele 8. Usikariri vyote. Chukua ile ya pili uichunguze kwako mwenyewe: umeposti picha, muda si mrefu ushafungua simu mara kibao kuangalia nani kalaiki, zikija nyingi unataka zaidi, zisipokuja siku imeharibika.

Halafu kaa chini sasa. Kiti au sakafu, popote, mgongo wima bila kukakamaa, alamu ya dakika 10, akili iweke kwenye pumzi pale inapopita puani. Usiivute kwa nguvu, iache ijiendee. Sekunde chache tu akili ishahama, mara deni, mara ex wako, mara goti linauma, na ukishtuka kwamba umehama, huko kushtuka ndo zoezi lenyewe, rudi kwenye pumzi bila kujitukana. Wengi wanaachia hapa eti akili imekataa kutulia, mi naona wanaondoka ndo kwanza kazi inaanza. Ila kama umepitia mambo mazito na ukikaa kimya yanakuzidia, simama, ongea na mtaalamu wa afya ya akili, meditesheni sio dawa ya kila kitu.

Kuna na maadili matano: usiue, usiibe, usizini, usidanganye, usitumie vilevi. Hilo la kudanganya lijaribu wiki moja tu, utashangaa ule uongo mdogo mdogo wa "niko njiani" ulivyo mwingi.

Kusoma, Dhammapada, mkusanyiko wa maneno ya Buddha, inatosha kwa kuanzia, ina beti 423 fupi fupi. Matawi ya Ubuddha (Theravada huko Sri Lanka na Thailand, Mahayana ya China na Japani ambamo ndimo Zen ilimo, Vajrayana ya Tibet) utayajua taratibu.

Kwenye kutafuta mwalimu ndo uwe makini. Wakalama, watu wa huko India enzi zake, walimlalamikia Buddha kwamba kila mhubiri anayepita anasifia yake na kuponda ya wenzake, akawaambia wasikubali jambo kwa sababu ni desturi au mwalimu wao kasema, wapime kama likifuatwa linaleta madhara au heri. Pima hivyo hivyo na kikundi chochote. Anayekukamua hela, anayekutaka kimapenzi, anayekwambia ukate mawasiliano na nyumbani, ondoka, hata kama kavaa joho la rangi gani.

Na nyumbani usitangaze vita. Hakuna anayekudai uitwe Mbuddha ndo uruhusiwe kukaa na pumzi yako, kujikabidhi rasmi kwa Buddha, Dhamma (mafundisho yake) na Sangha (jumuiya ya wafuasi wake) kunaweza kusubiri hata miaka. Mzazi akiuliza mbona asubuhi unakaa kimya, mwambie ukweli tu kwamba unatuliza akili, na ukimaliza nenda kamsaidie kazi, hapo maswali yanapungua sana.