Homa imeisha, moyo bado unakwenda mbio

Korona iliniachia baada ya siku kumi hivi, nikarudi kazini. Wiki ya tatu vituko vikaanza: natandika kitanda, moyo unadunda kama nimekimbizwa, napanda ngazi, nafika juu natweta, hata salamu nashindwa kuitikia. Kama nawe uko hapo, anzia hospitali, si kwenye mazoezi.

Nilipimwa umeme wa moyo, ultrasaundi ya moyo, picha ya kifua, wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo, maana upungufu wa damu au tezi iliyochachamaa nayo huupeleka moyo mbio. Virusi huweza pia kuacha uvimbe kwenye msuli wa moyo, na mwenye huo huzuiwa mazoezi mazito kwa miezi 3 hadi 6. Maumivu ya kifua, kuzimia, midomo kuwa ya bluu, kukohoa damu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, hayo hayasubiri miadi. Nenda saa hiyohiyo.

Vipimo vyangu vilirudi safi, na daktari wa kwanza akasema ni wasiwasi tu. Nilitoka nimenuna. Kilichonitetea ni daftari. Lala chali dakika 5, shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima. Simama bila kuegemea, mtu akiwa karibu usije ukaanguka, kisha hesabu tena dakika ya 2, ya 5 na ya 10. Mimi nililala na 72, nikasimama na 108. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 bila presha kushuka sana, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi, huenda mishipa ya fahamu inayoongoza moyo imeyumba: damu inatuama miguuni, moyo unafidia kwa kupiga haraka. Daktari wa pili alizitazama zile namba, akavuta kiti.

Aliniandikia maji mengi, chumvi zaidi na soksi za kubana. Chumvi usijiongezee mwenyewe. Mwenye presha ya juu au matatizo ya figo itamuumiza. Asubuhi nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nachezesha nyayo, ndipo nasimama. Kuoga ni kwenye kigoda, na maji ya vuguvugu, kwa sababu maji ya moto sana hutanua mishipa.

Pumzi ikikata, kaa, viwiko juu ya magoti, mabega uyaachie. Vuta kwa pua ukihesabu 2, tumbo litangulie kuinuka kabla ya kifua; toa kwa midomo iliyobinywa ukihesabu 4. Usiilazimishe.

Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni siku nzuri. Jumamosi moja niliamka mzima, nikafua mapazia yote ya nyumba. Jumatatu mswaki ulinilemea mkononi. Adhabu huja kesho yake au keshokutwa, ndiyo maana mtu haihusishi na kosa lake. Sasa naacha kazi nikiwa bado naitamani: dakika 10, nakaa, hata kama naona aibu mbele ya watu. Zikipita siku kadhaa bila adhabu, naongeza dakika 2. Ikija, narudi nyuma.

Mapazia nafua moja kwa wiki, nimekaa.