Wasiwasi wa udhu: usibishane na wazo
Mtu anayerudia udhu mara saba, akihisi kila mara kwamba kisigino kimebaki kikavu, hakupungukiwa imani wala usafi. Huenda ana ugonjwa ambao madaktari huuita OCD, yaani mawazo ya hofu yanayojirudia bila kutakwa, na vitendo ambavyo mtu huvirudiarudia ili kuituliza hofu hiyo, nao unatibika. Linapokujia wazo usilolitaka, la kumdhuru mwanao au la kukufuru ukiwa katikati ya sala, usilifukuze wala usijibizane nalo, kwa sababu kadiri unavyolisukuma ndivyo linavyorudi. Jiambie tu "huu ni wasiwasi," kisha endelea na ulichokuwa ukifanya. Hofu itapanda, na mwanzoni itapanda sana, lakini usipoitii kwa kunawa tena au kwa kumuuliza mwenzio kama kweli mlango umefungwa, hupungua yenyewe. (Watu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, huulisha ugonjwa huu kwa kulijibu swali hilo hilo kila usiku.)

Zoezi hilo ndilo kiini cha tiba ya kisaikolojia, na ni vyema lifanywe hatua kwa hatua pamoja na mtaalamu wa afya ya akili, kwa mfano katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au Kidongo Chekundu, Zanzibar. Ukiandikiwa dawa kama fluoksetini, usiiache baada ya wiki 2 ukidhani haifai, kwani nafuu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Na mbele ya daktari yataje mawazo yenyewe, hata yale ya aibu, maana ukisema tu kwamba hulali, huenda ukatoka na vidonge vya usingizi.