Somo: Kupanda na kutunza krotoni kwenye udongo wa maweni

Krotoni ni kichaka cha majani ya rangi ambacho asili yake ni Malaysia, Indonesia na visiwa vya Pasifiki, na kwa kuwa kimezoea joto na unyevu, hali ya hewa ya Unguja na Pemba inakifaa sana. Kinachokitaabisha kwetu ni ardhi. Makunduchi, Jambiani na kwingineko kwenye maweni, mizizi hugonga jiwe mapema, na chokaa iliyomo huuzuia mti kupata madini ya chuma. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi hudhani ni kiu, wakazidisha maji, na hali isibadilike.

Hatua ya kwanza, na ndiyo yenye kazi kubwa, ni shimo. Chimba kwa mtaimbo upana na kina cha sentimita 50 hivi, utoe mawe yote wala usirudishe kifusi chake, kisha ujaze udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyooza barabara, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Mwamba ukikataa kabisa, panda kwenye chungu kikubwa chenye tundu chini.

Hatua ya pili ni mche. Kata ncha ya tawi lenye afya, urefu wa sentimita 10 hadi 15, uondoe majani ya chini na yale makubwa ya juu uyakate nusu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, kivulini, na udumishe unyevu. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Mchanga usiwe wa pwani, na makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba yaoshwe mara kadhaa, kwa sababu yamenyonya chumvi. Utomvu huwasha ngozi na kutia madoa nguoni. Nao mti, ambao ni wa ukoo mmoja na muhogo, una sumu, basi watoto wasiutafune.

Hatua ya tatu ni kuhamisha, na wakati wake bora ni mwanzo wa masika. Mti ukipukutisha majani baada ya kuhamishwa, usiung'oe. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukiona ubichi wa kijani chini yake, mti u hai na utachipua. Tandaza majani makavu kuzunguka shina bila ya kuligusa.

Maswali ya wanachama

*Assalaam alaykum mwalimu. Krotoni yangu iko barazani hapa Wete, na majani mapya yanatoka kijani kitupu. Nitie mbolea gani?*

Waalaykum salaam. Usitie mbolea, dada yangu. Mti unataka jua. Usogeze nje kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, kwa sababu ukiutoa kivulini ghafla majani yataungua. Rangi utaiona kwenye majani yatakayochipua baadaye.

*Nipo Paje. Kusi likivuma, ncha za majani zinakauka.*

Huo ni upepo wa chumvi. Panda upande wa ukuta unaokinga kusi, na uyaoshe majani kwa maji matamu baada ya siku za upepo mkali. Maji ya kisima chako ukiyaonja yana chumvi, usiyamwagilie. Kinga maji ya mvua, yatakufaa zaidi.

*Chini ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wamejaa.*

Hao ni vidung'ata, na sisimizi huwalinda kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa. Kata matawi yaliyozidiwa, koroga kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni, hasa chini ya majani na kwenye makutano ya jani na tawi, ambako hujificha. Rudia kila wiki mpaka waishe, na uwazuie sisimizi wasipande shinani, la sivyo vidung'ata watarejea.