Flasha ya taa mbili za tambukareli kwa NE555 na mosfeti (12V)

Saketi hii huwasha taa mbili nyekundu kwa kupokezana, moja ikiwaka mwenzake imezima, kama zile za tambukareli. Juzi nimemsaidia kijana anayejenga mfano wa tambukareli kwenye uwanja wa kufundishia madereva, nikaona niandike. Ni ya mfano na mafunzo tu. Njia ya treni ya kweli ina mafundi wake na vifaa vyake vilivyopimwa, usiisogelee na bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila lehemu).

Hatua ya 1: Weka kando flasha ya gari

Karibu kila mtu huanza kwa kununua flasha ya indiketa na rilei ya miguu mitano, taa moja kwenye 87 (ncha inayoungana koili ikipata umeme) na nyingine 87a (inayoungana koili ikikosa umeme). Zitapokezana kweli, ila mwendo si wenyewe: indiketa za gari humweka mara 60 hadi 120 kwa dakika, wakati kanuni za Marekani, ambazo ndizo nilizozifuata, zinataka kila taa ya tambukareli imweke mara 35 hadi 65. Flasha za zamani pia hutegemea mzigo. Toa globu uweke LED, inaanza kwenda mbio au inagoma kabisa.

Tatizo kubwa ni rilei yenyewe. Rilei ndogo za bluu zinazouzwa kila duka huandikiwa na watengenezaji umri wa takriban mara 100,000 zikibeba mzigo wake wote. Piga hesabu: mara 52 kwa dakika ni mara 3,120 kwa saa, kwa hiyo umri wote unaisha ndani ya saa 32 hivi. Mzigo mdogo utairefushia siku, lakini mimi siweki rilei mahali panapogonga mfululizo. Mosfeti, yaani transista inayotumika kama swichi, haina ncha za kuungua.

Hatua ya 2: Vifaa

NE555 moja (chipu ya kupima muda, hapa chini naiita 555), mosfeti IRFZ44N mbili, transista BC547 moja, daiodi 1N4007 moja. Rezista: 1k, 82k, 10k tatu, 4.7k, na 100 omu mbili. Kapasita: 10µF, 470µF ya 25V, 100nF na 10nF. Kama uko Dar, vyote utavipata Kariakoo. Bredibodi ni ya kujaribia tu, kazi ya kudumu ifanyike kwenye verobodi kwa lehemu.

Hatua ya 3: Mwendo

Unganisha 555 kwa mtindo wa kawaida wa kujizungusha: 1k kutoka mguu wa 8 hadi wa 7, 82k kutoka wa 7 hadi wa 6, miguu ya 6 na 2 iungwe pamoja, kisha 10µF kwenda hasi. Mguu wa 4 uende chanya, wa 5 uende hasi kupitia 10nF. Mzunguko mmoja ni 0.693 × (1k + 2 × 82k) × 10µF, yaani sekunde 1.14, sawa na mara 52 kwa dakika. Rezista ya kwanza iwe ndogo hivyo hivyo; ukiikuza, taa moja itakaa muda mrefu kuliko mwenzake. Kapasita za aina hii hupotoka hata asilimia 20, kwa hiyo hesabu kwa saa ya simu dakika nzima. Ikizidi 65, badilisha 82k uweke 100k.

Hatua ya 4: Mosfeti

Mguu wa 3 wa 555 uende kwenye geti (mguu wa kuamrisha) ya mosfeti ya kwanza kupitia 100 omu. Huohuo uende pia kwenye besi ya BC547 kupitia 10k; yenyewe hugeuza ishara ili mosfeti ya pili ifanye kinyume cha ya kwanza. Emita yake iende hasi, kolekta ivutwe chanya kwa 4.7k na iende geti ya mosfeti ya pili kupitia 100 omu. Kila geti iwe na 10k kwenda hasi. Taa zikae kati ya chanya na dreini. Bati la kupoozea halihitajiki.

Hatua ya 5: Kufunga globu halisi

Hapa ndipo watu hulala macho. Mezani kwa LED ndogo kila kitu kinakwenda, ukifunga globu za indiketa za 21W mambo yanaharibika: mwendo unayumba, taa zinatetemeka, mara 555 inaganda. Watu hukimbilia kubadilisha 555. Haina kosa.

Globu ya 21W inakula ampea 1.75 ikishapata moto, lakini nyuzi ikiwa baridi huvuta karibu mara kumi ya hapo kwa kitambo kidogo. Volti zinashuka ghafla. 555 hupima kapasita yake kwa theluthi moja na theluthi mbili za umeme inaopewa, kwa hiyo umeme ukiyumba, vipimo navyo vinayumba. Betri iliyoshuka polepole haisumbui, kinachosumbua ni mshtuko.

Ilishe 555 na 4.7k kupitia 1N4007, kisha baada ya daiodi weka 470µF, na 100nF ikiwa imegusana kabisa na miguu ya 8 na 1. Daiodi ndiyo muhimu, maana bila hiyo globu zitainyonya kapasita yako. Halafu hasi: waya wa hasi wa mosfeti uende wenyewe mpaka kwenye ncha ya betri, na waya wa hasi wa 555 uende wa kwake. Ukivichangisha kwenye waya mmoja mwembamba, tatizo linarudi hata ukiwa na kapasita ya ukubwa gani.

Dalili nyingine: taa zote mbili zinawaka moja kwa moja bila kumweka. Angalia soketi. Za gari hutumia bodi yake ya bati kama njia ya hasi. Ukizifunga zote kwenye nguzo moja ya chuma, umeziunganisha, na kwa kuwa daima kuna mosfeti moja inayopitisha umeme, zote zinawaka. Ziegemeze kwenye plastiki au mbao, na pima kwa mita kati ya bodi ya soketi na nguzo kabla hujawasha. Usiamini rangi, kutu na skrubu hupitisha umeme vizuri tu.

Hatua ya 6: Kuwasha na kuzima

Usizime kwa mguu wa 4. Mguu wa 3 utashuka, na taa ya pili itabaki inawaka. Kata chanya ya saketi nzima pamoja na taa, na hapa rilei inafaa kwa sababu inagonga treni ikipita tu. Tumia ncha ya 87a, koili iwe na umeme wakati njia iko wazi. Ndivyo reli zenyewe zinavyofanya tangu William Robinson alipopata hataza ya saketi ya reli mwaka 1872: umeme unapita kwenye reli na kuishikilia rilei, magurudumu yakiunganisha reli mbili rilei inaachia, na taa zinawaka. Waya ukikatika nao huachia vilevile. Daiodi moja kinyume kwenye koili, na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri.