Namna ya kuzibua mtaro wa avenyu na kulinda maji ya kunywa Bukavu

Mvua za Bukavu huanza mwezi wa Septemba, kwa hiyo mtaro wa avenyu (barabara ya mtaa) usafishwe Agosti, udongo ukiwa bado mkavu. Anzeni chini, pale unapomwaga maji mtoni Kawa au katika mfereji mkubwa, kisha mpande mlima. Wanaoanza juu huacha kizuizi bondeni, na mvua ya ghafla ikinyesha, maji humwingilia jirani wa chini ndani ya nyumba.

Tope lililotolewa lisiachwe ukingoni. Hilo ndilo kosa la salongo nyingi, yaani kazi za pamoja za usafi: watu hutoka jasho asubuhi nzima, wanapanga marundo kando ya mtaro, na mvua ya kwanza inayarudisha yote mahali pake. Kabla ya kushika koleo, kubalianeni ni nani ataleta toroli na tope litamwagwa wapi, mbali na mteremko. Chupa na mifuko ya plastiki itieni magunia, kwa sababu kinachofika ziwani Kivu huingia mto Ruzizi na kunasa kwenye bwawa la Ruzizi I, ambako takataka hukwamisha mitambo na kutukosesha umeme. Dekri (amri ya serikali) ya Desemba 2017 ilikwisha kuipiga marufuku mifuko hiyo, ingawa ukipita soko la Kadutu hutaamini.

Palipobomoka ukuta wa mtaro, koleo halitoshi. Mwandikieni burugumesta, mkuu wa komine (sehemu ya mji) yenu, mkitaja avenyu, urefu wa sehemu iliyobomoka na nyumba zilizo hatarini, pamoja na picha. Mabomba mengine ya maji hupita ndani ya mitaro, na Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na maji yana sheria yake, nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Zitajeni zote mbili, bila matusi. Pelekeni nakala mbili ili moja irudi na muhuri wa mapokezi, maana barua isiyo na muhuri huhesabiwa kuwa haikufika.

Mafuriko yakipita, msiyaamini maji ya bomba hata yakiwa maangavu. Mabomba yanayopita ndani ya mitaro, presha ikishuka, hufyonza uchafu kupitia viungo vilivyolegea. Yaacheni maji yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemke na kutokota kwa dakika moja kamili. Anayetumia klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Bidoni (dumu la maji) iliyoguswa na maji ya mtaro ioshwe kwanza kwa sabuni, pamoja na kifuniko chake.