Jinsi ya kumwelewa mwanafunzi anaposema "amenichoma"

Mzazi anayempokea mwanawe likizoni kutoka shule ya bweni ya Mbeya, Iringa au Njombe huenda akamsikia akilalamika kwamba mwenzake "alimchoma" kwa mwalimu wa zamu, yaani alimtaja au alifichua kosa lake. Kabla ya kumjibu, lipime kwanza neno alilolichagua.

"Kuchongea", neno la Kiswahili sanifu, hubeba nia mbaya, kwa kuwa mchongezi humsema mwenzake ili adhurike. "Kuchoma" halijali nia. Hutoka kinywani mwa aliyeungua, na kwa hiyo aliyesema kweli na aliyesingizia huitwa kwa jina moja. Hapo ndipo ninapoiona hatari yake, kwa sababu mtoto aliyeomba msaada naye huhesabiwa kuwa amechoma. "Mnoko" humtaja mtu mwenyewe na tabia yake ya kufuatilia mambo ya wenzake na kuyafikisha kwa wakubwa, na kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele hubandikwa jina hilo hata anapotimiza wajibu wake. "Kuuza" huongeza tuhuma kwamba msemaji alinufaika, pengine kwa kusamehewa adhabu. "Snichi" ni neno la vijana wa mjini la kumwita mtu anayechoma wenzake. Mmbea usimchanganye na hawa, maana yeye humweleza yeyote.

Ukishalielewa neno, usianze kwa kuuliza nani aliyesema. Uliza kama yaliyosemwa ni kweli, kisha uliza nani angeumia kama yangefichwa. Aliyeruka ukuta wa shule kwenda Mwanjelwa, mjini Mbeya, kula chipsi alijihatarisha mwenyewe, na hasira yake kwa aliyemtaja inaeleweka, ingawa kosa linabaki kuwa lake. Lakini mdogo wa kidato cha kwanza anaponyang'anywa blanketi katika baridi ya Juni, anapopigwa usiku, au mtu mzima anapomshikashika, kunyamaza humlinda mkosaji peke yake. Mweleze mtoto waziwazi kwamba kusema hapo ni kutoa taarifa, na kwamba hutamwita mnoko. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa; vilevile ipo namba 116, ambayo ni ya msaada kwa watoto na hupigwa bila malipo.

Mwalimu anayepokea taarifa ana kazi kubwa kuliko wote. Asiseme mstarini kwamba "fulani ameniambia", wala asimwite ofisini mtoa taarifa muda mfupi kabla ya kumwita mtuhumiwa, kwa kuwa bweni zima litaunganisha mambo hayo kabla ya chakula cha jioni. Ni heri akague vitanda vyote, azungumze na wanafunzi wengi mmoja mmoja, na amhoji mtuhumiwa kwa ushahidi alioukuta yeye mwenyewe.