Kuacha fungu la kazi ya haki za binadamu katika wosia: mwongozo kwa wanaojitolea Nyanda za Juu Kusini

Katika kata za Iringa, Mufindi, Njombe na Rungwe wapo wazee ambao kwa sehemu kubwa ya maisha yao wamewasaidia wajane kudai mashamba, wamewasindikiza wasichana waliopigwa hadi dawati la jinsia la polisi, na wamekwenda mahakamani na watu wasio na wakili, mara nyingi kwa nauli ya mfukoni mwao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, lakini kazi yenyewe bado inategemea moyo wa kujitolea. Ukiwa mmoja wao, na unataka sehemu ya mali yako iendeleze kazi hiyo utakapokuwa umeondoka, unaweza kufanya hivyo bila kuwa tajiri, ilimradi wosia uandikwe kwa namna ambayo msimamizi wa mirathi ataweza kuutekeleza.

Anza na familia kabla ya kalamu. Fungu ambalo watoto wanalisikia kwa mara ya kwanza wosia unaposomwa mbele ya ukoo, matanga yakiwa hayajaisha, huonekana kama mali iliyochukuliwa na watu baki, na pingamizi hufunguliwa hata pale ambapo kiasi chenyewe ni kidogo. Mwite mwenzi wako na watoto, waeleze ni nini unataka kutoa na kwa nini, na uwahakikishie kwamba mafungu yao yako palepale. Nasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa mtu aliyetetea haki za wajane na yatima hapaswi kuacha wosia unaomfanya mjane wake aone amedhulumiwa.

Kisha tambua ni sheria ipi itaongoza mirathi yako. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, na fungu la hisani huingia humo. Kwa wanaofuata mila, kanuni za wosia zilitangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963: wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; kwa asiyejua kusoma na kuandika, mashahidi hawapungui wanne. Tumia wino, weka tarehe, na usimfanye mrithi wala kiongozi wa shirika litakalopokea fungu kuwa shahidi.

Katika kuchagua mali, fedha ni rahisi kuliko ardhi. Shamba la ukoo liache kabisa nje ya fungu hili, na ardhi ya kijiji haihamishiwi shirika bila idhini ya halmashauri ya kijiji, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu na kuzaa ugomvi. Mwenye misindano au milingoti Mufindi anaweza kuusia sehemu ya mauzo ya miti itakapovunwa, huku ardhi ikibaki kwa watoto. Hapo aeleze ni kitalu kipi, kinapakana na nani, na ni nani atakayesimamia uvunaji. Kumbuka pia kwamba mali mliyochuma pamoja na mwenzi wako si yako peke yako, hivyo usia sehemu yako tu.

Jina la shirika liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, pamoja na namba yake. Kuandika “kituo cha haki za binadamu cha pale mjini” hakutoshi, maana ofisi huhama na majina hufanana. Kipengele kinaweza kusomeka hivi: “Baada ya gharama za mazishi na madeni yangu kulipwa, asilimia kumi ya fedha zilizomo katika akaunti yangu ya benki ipewe (jina la shirika na namba yake ya usajili), kwa ajili ya mafunzo ya wasaidizi wa kisheria wa kata. Ikiwa wakati huo shirika litakuwa limefutwa, fungu hilo lipewe shirika la pili nililolitaja hapa chini.” Asilimia ni salama kuliko kiasi kamili, kwa sababu akiba hupungua wakati wa ugonjwa, na shilingi milioni mbili zilizoandikwa leo zinaweza kuja kumaliza kila kitu walichobakiziwa watoto.

Mteue msimamizi mmoja anayekubali kazi hiyo kwa hiari, na mwingine wa kushika nafasi yake akishindwa. Wosia unaweza kuhifadhiwa kwa wakili, benki, au RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali), ambao hutoa pia huduma ya kuuandika. Mwambie msimamizi mahali wosia ulipo, na ulijulishe shirika kwa barua fupi. Ukibadilisha nia, andika wosia mpya unaotamka wazi kwamba ule wa zamani umefutwa, kisha uondoe nakala za zamani mahali pote ulipoziweka.